Dakika Ishirini Kabla ya Upande wa Tatu

(Maneno niliyoyasema Jumamosi jioni huko Milimani, Kisumu, sebuleni kwa mwenzetu mmoja, tulipopumzika baada ya santuri ya kwanza. Nimeyaandika nilivyoyakumbuka. Kelele za waliokuwa wakinikatiza nimeziacha nje, isipokuwa mahali pawili.)

Oimore. Hamjambo nyote. Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na birika la chai.

Mwenyeji wetu amenipa dakika 20, akaniambia kwa utani kwamba hizo ni sawa na upande mmoja. Mahali pengine dakika 20 ni nyimbo tano au sita. Kwa hawa waliotukusanya leo ni wimbo mmoja tu, tena bado wanatafuta jinsi ya kuumaliza.

Tumetoka kusikiliza santuri ya kwanza ya Tales from Topographic Oceans, albamu ya kundi la Yes la Uingereza. Nimekuwa nikiwatazama. Wawili wamelala. Mmoja, ambaye sitamtaja, alitoka nje kupokea simu ambayo sikuisikia ikilia. Na kuna mama mmoja pale mbele alifumba macho tangu mwanzo hadi mwisho, ila yeye hakulala, maana kidole chake kilikuwa kikifuata gitaa la besi kwenye mkono wa kiti. Hiyo ndiyo albamu hii. Imepita miaka 50 na ushei, na kila inapopigwa mbele ya watu inawagawa vivyo hivyo.

Kwa wageni, haraka haraka. Ilitoka Uingereza Desemba 1973. Santuri mbili, pande nne, nyimbo nne. Kila wimbo umejaza upande wake: mfupi kuliko yote una dakika 18 na nusu, mrefu kuliko yote 21 na nusu. Jumla ni dakika 81 hivi. Anayeimba ni Jon Anderson, gitaa ni la Steve Howe, besi Chris Squire, vinanda Rick Wakeman, na dramu Alan White, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaingia studio na kundi hilo kutengeneza albamu. Ilishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki mbili, na ya sita Marekani. Kwa hiyo ilinunuliwa sana, na ikatukanwa sana. Waandishi wa muziki walisema ni ndefu bila sababu na imejaa majivuno. Vijana wa panki walipokuja na nyimbo zao za dakika mbili, hii ndiyo ikawa ya kunyooshewa kidole: oneni, hapa ndipo roki ilipopotea njia.

Mimi wakati huo sikujua hata moja kati ya hayo. Mimi ni fundi wa redio.

Mwaka 1989 nilikuwa na kibanda Kondele. Jumapili moja nikaenda Kibuye kutafuta spika kuukuu. Mnaijua Kibuye ya Jumapili, huwezi kutembea bila kuombwa radhi na mkokoteni. Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza vyombo vya watu waliohama, sufuria, pasi, vitabu vya shule, na juu ya rundo hilo nikaona jalada la santuri lenye samaki. Samaki wanaogelea hewani, juu ya nchi kavu, karibu na maporomoko ya maji, nyuma yao hekalu, na mbingu imejaa nyota. Jamani, mtu aliyelelewa na ziwa atampitaje samaki bila kugeuka? Hakuwa ngege, hakuwa mbuta, hakuwa kamongo. Nikasimama hapo nikimchunguza, hadi yule mama akaniambia, "Baba, huyo haliwi. Nunua, au upishe watu." Nikatoa shilingi 20.

Mchoraji wake ni Roger Dean. Hekalu lile ni la Chichen Itza, Mexico, na mawe yale ni mawe ya kweli ya Uingereza, mengine ya Stonehenge na Avebury, aliyoyakusanya akayapanga pamoja kama majirani. Kuhusu samaki, Nyar Gem, mke wangu, alishakata kauli siku ile ile: ni fulu, yule samaki mdogo wa ziwa letu, aliyeshiba.

Nilipofika nyumbani nikafungua jalada. Linakunjuka kama kitabu na lina mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ulikuwa mtupu. Wa pili ulikuwa na santuri: upande wa tatu na upande wa nne.

Jumapili iliyofuata nikarudi kwa yule mama kuulizia nyingine. Akanitazama, akasema, "Kwani si ulinunua samaki?"

Basi kwa miaka 11 nilikuwa mpenzi wa nusu ya albamu. Tena nusu gani! Wale wanaoijua albamu hii wameanza kucheka tayari, kwa sababu upande wa tatu ndio upande ambao hata wapenzi wake wakubwa huuombea radhi. Wakikupigia albamu mara ya kwanza watakwambia, vumilia hapa kidogo, utapita. Wimbo unaitwa The Ancient. Mtausikia sasa hivi, kwa hiyo sitausimulia wote. White anapiga dramu na vyuma kwa mapigo ambayo ukijaribu kuyahesabu kwa mguu utajikwaa. Juu yake Howe anateleza kwenye gitaa la chuma, linalia, linakwaruza, linapaa, linashuka, na linaendelea hivyo kwa dakika 12 hivi. Halafu, bila hata kuaga, kila kitu kinanyamaza, na anabaki Howe peke yake na gitaa la nyuzi laini, lisilo na stima, kama mtu aliyefunga mlango wa posho mill nyuma yake.

Mara ya kwanza nilidhani mashine yangu imeharibika. Nawaambia kweli. Niliifungua, nikakagua ukanda, nikapima mwendo wa sahani, nikatia mafuta. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Nikasema, basi wabovu ni hawa wenyewe.

Lakini fundi hatupi kitu. Niligundua kwamba upande ule ni chombo kizuri cha kazi. Ukimaliza kutengeneza amplifaya ya mtu, unahitaji muziki wa kuijaribia, na nyimbo nyingi hazifai kwa kazi hiyo kwa sababu zina sauti ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa vile vyuma vya White vinakuonyesha kama spika ndogo imechoka. Besi ya Squire kwenye upande wa nne inakuonyesha kama spika kubwa imepasuka karatasi. Na gitaa lile la peke yake ndilo bora kuliko vyote, maana kwenye utulivu ule ukisikia mngurumo mdogo tu, unajua kapasita za pawa bado. Kwa hiyo niliupiga upande wa tatu kila siku ya kazi, mwaka baada ya mwaka, si kwa mapenzi. Wateja waliujua. Walikuwa wakisema, "Redio yangu imefikia kile kimuziki cha wazimu?" Kikisikika kwenye redio yao, walijua kesho ni ya kuja kuichukua.

Nilikuwa na kijana niliyemfundisha kazi, mtu wa Vihiga. Huyo aliuchukia wimbo ule waziwazi. Aliniomba tutumie hata mahubiri, chochote. Siku moja tulikuwa tukijaribu amplifaya ya kanisa fulani, tumefika kwenye gitaa la peke yake, stima ikapotea. Kondele nzima kimya. Na katika kimya kile nikasikia mluzi. Kijana yule alikuwa ameinama juu ya kazi yake, wala hakuinua kichwa, anaendelea na lile gitaa pale pale lilipokatikia, noti kwa noti, mpaka mahali Anderson anapoanza kuimba. Alipojigundua akanyamaza. Sikumwambia neno. Lakini nilijua tumeshakwisha, yeye na mimi.

Sasa kuhusu urefu, kwa sababu ndilo shtaka la kwanza daima.

Ndefu kwa nani? Sisi tunatoka nchi ya nyatiti. Nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga mbao, njuga mguuni, na mpigaji akikaa kwenye kigoda chake cha chini jioni, asubuhi utamkuta hapo hapo. Kwenye matanga huwa hakuna anayetazama saa kuona wimbo umefika wapi. Wimbo unasimamishwa katikati, mtu anatoa pesa, anajisifu, anamsifu shemeji yake, anawasifu ng'ombe wa babu yake, hiyo ndiyo pakruok, kisha wimbo unaendelea kana kwamba hakukutokea lolote. Na benga je? Santuri ndogo za D. O. Misiani tulizinunua zimeandikwa sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Wimbo unakatwa katikati kama samaki, unageuza, unaendelea. Umewahi kusikia mtu wa Kisumu akilalamika kwamba Misiani alihitaji kufupisha? Naye Franco wa Kongo alipotoa wimbo wake Mario mwaka 1985, karibu robo saa ya mwanamume kusemwa na kusemwa, baa zote za mji huu ziliupiga mpaka mwisho na watu wakaomba urudiwe.

Kwa hiyo mtu akiniambia albamu hii ni mbaya kwa sababu ni ndefu, namwona kama mtu anayelaumu ugali kwa kuwa mwingi.

Lakini ngoja, sitaki kuwadanganya, kwa sababu kuna tofauti na inauma. Urefu wa nyatiti una watu ndani yake. Jina lako litatajwa. Mama wa marehemu atatajwa. Hata mimi fundi nikitoa shilingi zangu nitatajwa na kijiji changu. Hawa Yes hawakutaji. Jioni moja nilichukua kamusi nikakaa na maneno yaliyochapwa ndani ya jalada, nikitaka kuyaweka kwa Kiswahili ili Nyar Gem asikie ninachosikia. Mstari wa kwanza nikaupata, wa pili nikaupata nusu, wa tatu nikafunga kamusi. Maneno yote yalikuwamo kwenye kamusi. Aliyekosekana ni mtu, yule anayesema na yule anayeambiwa. Anayewaambia kwamba mashairi ya Anderson ni ya kina kirefu, mwulizeni yanasema nini, kisha mvute kiti. Mimi nayapenda yakiwa sauti tu. Anavyoyatamka ni vitamu kuliko anachokisema.

Nikafika mwaka 2000. Mzee mmoja Mhindi wa hapa hapa Milimani aliniletea amplifaya yake ya zamani, ya valvu, nzito kama jiwe la kusagia. Nilipoimaliza nikaijaribu kama kawaida. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi. Akasema, "Huo ni upande wa tatu. Wa kwanza na wa pili ziko wapi?" Nikamweleza habari ya Kibuye. Alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake akaniletea kanda mbili.

Ni yeye aliyenifungulia jambo moja ambalo jalada lilikuwa limeniambia bila mimi kuelewa. Anderson ameandika pale kwamba alikuwa Tokyo, anasoma kitabu cha Paramahansa Yogananda, akakutana na tanbihi, maelezo madogo chini ya ukurasa wa 83, yanayoeleza maandiko ya Kihindu kwa mafungu manne: shruti, smriti, purana na tantra. Hayo manne ndiyo pande nne. Mzee akaniuliza, "Unajua maandiko hayo ni mengi kiasi gani? Watu hutumia maisha." Nikamwambia sijui. Akasema, "Na huyu kijana alisoma tanbihi moja, akatoka na dakika 80." Sikujua kama anamdharau au anamsifu. Nilipomtazama nikaona vyote viwili, na nadhani hiyo ndiyo sura ya sawasawa ya mpenzi wa albamu hii. Yule mzee hakuwa na udanganyifu wowote juu yake. Alijua kwamba Anderson alikuwa ameokota uzi mmoja kutoka kwenye nguo kubwa ya watu wengine. Na bado alikuwa na kanda zake, zimeandikwa kwa mkono, kwa wino wa kijani.

Kisha nikasikiliza pande mbili za kwanza. Kila mpenzi wa Yes atakwambia upande wa kwanza ndio bora, ndio mlango. Ninaukubali. Pale mwanzoni sauti zinapopandana moja juu ya nyingine, nywele zinasimama. Lakini kwangu ulikuwa kama mgeni mashuhuri anayefika nyumbani tumeshakula. Nilimheshimu, nikampa kiti, nikarudi jikoni kukaa na upande wa tatu. (Hapa mtu mmoja aliuliza, "Na wa pili?") Upande wa pili, mzee wangu, una mahali pazuri mno pa vinanda, na una mahali ambapo mimi hutoka kuchemsha chai. Nikirudi bado wapo pale pale. Tuendelee.

Kuna habari za jinsi albamu hii ilivyotengenezwa ambazo kwangu mimi fundi zina raha kuliko muziki wenyewe. Anderson alitaka warekodi msituni usiku, ndani ya hema, jenereta ikiwa imefukiwa ardhini ili mlio wake usiingie. Wafikirieni hao, wanachimba kaburi la jenereta! Wenzake wengine wakataka London, mjini, watu warudi makwao jioni. Basi wakaenda Morgan, studio iliyokuwa na mashine ya kurekodia ya njia 24, kitu kipya kabisa Uingereza wakati ule, na ili Anderson naye asihuzunike, ndani ya studio wakapanga marobota ya majani makavu, uzio wa mbao na ng'ombe wa kutengeneza. Anderson pia alitaka sauti yake isikike kama anavyoimba bafuni kwake, basi vikabandikwa vigae ndani ya studio ili aimbe humo. Mimi hilo siwezi kulicheka. Nani hapa hajawahi kuimba bafuni akajiona bora kuliko alivyo?

Na siku ya mwisho, kama Anderson anavyosimulia, mhandisi wao Eddy Offord alitoka na kanda mama, akaziweka juu ya paa la gari atafute kitu, akasahau, akang'oa gari. Kanda zikateleza zikaanguka barabarani. Anderson akakimbilia katikati ya njia kulisimamisha basi jekundu la London lililokuwa linakuja. Kazi ya miezi, ng'ombe, vigae, tanbihi na yote, imelala kwenye lami. Kila nikivuka barabara ya Kondele nikaona matatu inavyokuja, namkumbuka yule bwana na mkono wake juu.

Sasa nataka kumtetea mtu ambaye wapenzi wengi wa albamu hii humchukulia kama msaliti. Rick Wakeman. Alikuwa na miaka 24, ana vidole vya ajabu, na hakuupenda muziki huu, wala hakuficha. Maelezo yake ni rahisi na ni ya haki: walikuwa na muziki mwingi kuliko santuri moja, lakini hautoshi mbili, kwa hiyo wakaujaza. Wakati wa kurekodi alikuwa akitoroka kwenda chumba cha pili walikokuwa kundi la Black Sabbath, akawapigia kinanda kwenye wimbo wao mmoja, akakataa pesa, akalipwa bia. Na kule Manchester, kwenye ukumbi wa Free Trade Hall, albamu inapigwa jukwaani yote, kuna mahali yeye hakuwa na cha kufanya kwa muda mrefu. Kijana wake wa vyombo, aliyekuwa amelala chini ya kinanda, alimuuliza atakula nini baadaye. Wakeman akataja kari, hii na ile. Kijana akaelewa ni sasa. Baada ya muda mkono ukatokea chini ya kinanda na kuku, wali, aloo, vyote, na Wakeman akavipanga juu ya vinanda akala, mbele ya umati. Hajawahi kuikana hadithi hiyo, huisimulia mwenyewe. Mei 1974 akaondoka kundini, na siku alipotimiza miaka 25 akapata habari kwamba albamu yake mwenyewe imeshika nafasi ya kwanza.

Nampenda kwa sababu hii. Watu hudhani ugomvi juu ya albamu hii ulianza magazetini. Hapana, ulianzia ndani, kwenye kinanda. Unaposikiliza pande hizi nne unawasikia watu wanne wanaoamini, au wanaojikaza waamini, na mmoja asiyeamini kabisa lakini anayepiga vizuri kuliko inavyohitajika, kwa sababu mikono yake haijui kupiga vibaya. Ukiipenda albamu hii bila kumpenda Wakeman, umeipenda nusu, na mimi najua nusu ni nini.

Hilo neno lake la kujaza ndilo lililotuletea mchezo mwaka jana. Baadhi yenu mlikuwepo. Tulikuwa sita katika sebule hii, tukasema, haya, tufanye alivyotaka Wakeman. Kila mtu achukue karatasi, akate albamu ibaki dakika 40, santuri moja, aandike anaacha nini. Tulipoweka karatasi mezani mambo yakaharibika. Mwenyeji wetu alikuwa ametupa upande wangu wa tatu wote isipokuwa gitaa. Nilimkasirikia kweli, hata chai yake sikumaliza. Mama yule wa kidole cha besi alibakiza upande wa nne mzima, na vipande vya hapa na pale kwingine. Mwalimu mmoja akabakiza vinanda vya upande wa pili, na hata pale ambapo mimi hutoka kuchemsha chai. Tulipojumlisha karatasi zote sita, vilivyokosa mtetezi vilikuwa vipande vichache vya upande wa pili tu. Vingine vyote, kila kimoja kilikuwa na mtu wake aliyekuwa tayari kugombana usiku huo.

Ndiyo maana nasema walioitengeneza hawangeweza kuifupisha, na sisi pia hatuwezi. Hicho unachokiita cha kujazia, mimi ndicho nilichoishi nacho miaka 11 kwa kukosa kingine. Hata Yes wenyewe walipoirudia jukwaani huko Marekani mwaka 2016, walipiga upande wa kwanza na wa nne, na kutoka upande wa tatu wakachukua lile gitaa na wimbo wake laini, vile vyuma vyote wakaviacha. Nilipoisoma habari hiyo nilihisi kama jirani amealikwa harusini akaambiwa awaache watoto nyumbani.

Upande wa nne sitausema sana, utajisema. Kuna mahali karibu na mwisho dramu zinachukua kila kitu. Anderson aliandika kwamba ni vita kati ya uovu na upendo safi. Yule kijana wangu wa Vihiga alikuwa na maoni yake. Kwao jirani na Waisukha na Waidakho amekulia kwenye isukuti, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, baba, mama na mtoto. Alisema, "Hawa wana baba watatu, mama hayupo, ndiyo maana wanapigana." Sijapata kusoma uchambuzi uliouzidi huo.

Dakika zangu zinakwisha, na kuna jambo la kiufundi lazima niwaeleze kabla ya sindano kushuka.

Mwenyeji wetu ana nakala safi ya santuri ya pili. Nimemwomba tusiitumie. Tutatumia yangu ya Kibuye. Ndani ya The Ancient, katikati ya vyuma, Anderson anataja jua kwa lugha nyingi, jina baada ya jina. Lipo la Kigiriki, lipo la Kituruki, la Kiayalandi, la Waazteki. Jirani yangu wa Kondele, Msomali mwenye duka, siku moja alichukua jalada akasoma, akaweka kidole kwenye neno moja akasema, "Hili ni letu. Ameliandika vibaya, lakini ni letu." Kwa hiyo Anderson alitembea dunia nzima akafika mpaka kwa Wasomali, akabakiza hatua moja kuja kwetu, akageuka. Jua halimo. Chieng', ndilo jua kwa Kijaluo, halimo. Mtu wa Kisumu, mji wa jua kama hili, hilo ni la kusamehe kwa shida.

Mwaka 1993 yule kijana aliangusha bisibisi juu ya santuri ikiwa inazunguka, na iliangukia papo hapo, kwenye majina. Tangu siku hiyo sindano ikifika pale inaruka mfereji mmoja. Santuri hii huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo kinachopotea ni sekunde mbili kasoro. Jina moja, labda mawili. Alilia, maskini, alidhani nitamfukuza. Lakini kesho yake tulipokuwa tukijaribu redio ya mtu, sindano iliporuka, nikasikia nimesema kwa sauti, "Chieng'!" Na yeye akajibu kwa lugha ya kwao, "Liuba!", jua hilo hilo. Tukawa tunafanya hivyo mpaka alipofungua kibanda chake mwenyewe. Nilipokuja kusikia nakala nzima, isiyo na mkwaruzo, nilishtuka. Nilisubiri nafasi yetu, ikapita imejaa majina ya watu wengine.

Leo yuko mbali, hakuweza kuja. Nitasema langu, na nahitaji mtu wa kusema lake. Nani hapa ni wa Vihiga au Kakamega? (Wakanyosha mikono wanne.) Haya, basi nyote wanne. Mtaisikia tak ndogo, halafu ni nyinyi, msichelewe, ni sekunde mbili tu.

Kaka uliye karibu na mlango, naomba uzime ile taa ya bomba, inatia mngurumo kwenye spika. Asante. Nateremsha sindano.